Whitey Bulger hakulindwa na ujanja wake

Ukikaa kijiwe chochote cha bodaboda jijini Mbeya, iwe Kabwe, Mafiati au Uyole, saa zile abiria wanapopungua, hukosi simu moja iliyolazwa juu ya tangi la pikipiki ikisimulia maisha ya jambazi wa nchi ya mbali. Simulizi hizi za sauti zimeenea kwa kasi, na mmoja wa wanaosimuliwa sana ni James Bulger wa Boston, Marekani, anayejulikana zaidi kwa jina la utani la Whitey. Anasimuliwa kama bingwa: mtu aliyewachezea makachero wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, kwa miaka mingi, akatoroka, akajificha miaka 16, akaja kukamatwa akiwa mzee. Wazazi, walimu na wahubiri nao wana hoja yao, kwamba simulizi hizo zinawafunza vijana wetu ujambazi na ingefaa zizuiwe. Mimi naona pande zote mbili zimeshika pasipo na uzito. Bulger hakuwa bingwa, na kijana anayemsikiliza hatoki hapo akiwa muuaji. Kisa chake ni cha ofisi ya umma iliyoshindwa kutunza siri za watu walioiamini. Ofisi hiyo ikiachwa nje ya simulizi, tunabaki na mtu mmoja wa kumshangilia au kumlaani, na swali linalotuhusu kabisa sisi wa Nyanda za Juu Kusini linapita bila kuulizwa.

Tuanze na mtu mwenyewe. Bulger alizaliwa Septemba 1929 na kukulia South Boston, katika nyumba za serikali walizopangishwa watu wa kipato kidogo, mtaa uliojaa Wamarekani wenye asili ya Ireland. Katikati ya miaka ya 1950 alishiriki kuiba kwenye mabenki, akafungwa, na sehemu ya kifungo hicho akaitumikia Alcatraz, gereza la kisiwani. Alitoka mwaka 1965. Miaka ya 1970 ilimkuta ndani ya genge la Winter Hill, lililoishi kwa kamari, mikopo ya riba ya kunyonga na fedha za vitisho. Mdogo wake, William, alishika njia nyingine akafika mbali: aliongoza Seneti ya jimbo la Massachusetts kuanzia 1978 hadi 1996. Wasimulizi hulipenda mno jambo la ndugu wawili, mmoja seneta na mwingine muuaji, na kweli linavutia, lakini halielezi kitu. Mwaka unaoeleza ni 1975.

Mwaka huo ofisa wa FBI aitwaye John Connolly, aliyekulia mtaa uleule wa South Boston, alimwingiza Bulger kwenye orodha ya watoa taarifa wa siri. FBI ilikuwa na adui mmoja mkubwa machoni pake, mafia wa Kiitaliano, na mtu yeyote aliyeonekana anaweza kusaidia kuwaangusha alikaribishwa. Mshirika wa Bulger, Stephen Flemmi, alikuwa tayari ni mtoa taarifa. Mwaka 1979 viongozi wa Winter Hill walishtakiwa kwa kupanga matokeo ya mbio za farasi. Bulger na Flemmi walikuwa ndani ya biashara hiyo, ila maofisa wa FBI walimwendea mwendesha mashtaka wakaomba majina ya wawili hao yasiingie kwenye hati. Hayakuingia. Wakubwa wa genge wakaenda jela, na hao wawili wakabaki na mji. Hapa ndipo sifa ya ujanja inapoanza kuporomoka, kwa sababu ngazi aliyopanda Bulger ilishikiliwa na watumishi wa serikali waliokuwa wanalipwa mshahara wa kumkamata.

Kilichofuata ndicho kiini, na nitakaa nacho kidogo. Mei 1981 mfanyabiashara Roger Wheeler alipigwa risasi na kufa huko Tulsa, Oklahoma, wakati fedha zikichotwa kwenye kampuni yake na watu waliokuwa karibu na genge hilo. Mwanzoni mwa 1982, mhuni mmoja wa Boston, Brian Halloran, aliwaendea FBI kwa hiari yake akawaambia kwamba Bulger na Flemmi wanahusika. Aliomba ulinzi wa mashahidi, akanyimwa. Habari kwamba amefungua mdomo zikamfikia Bulger, na aliyezipeleka ni Connolly. Jioni ya tarehe 11 Mei 1982, Halloran alitoka kwenye mgahawa mmoja karibu na bandari ya Boston, akapewa lifti na dereva wa lori waliyefahamiana, Michael Donahue. Gari likamiminiwa risasi, wakafa wote wawili. Donahue hakuwa jambazi wala mtoa taarifa, alikuwa anampeleka mtu nyumbani. Aliacha mke na watoto watatu wa kiume. Miaka miwili baadaye, John McIntyre, ambaye alikuwa ameanza kuwaeleza maofisa wa serikali kuhusu meli iliyopeleka silaha Ireland kwa siri, naye akauawa baada ya habari zake kuvuja, akafukiwa kwenye chumba cha chini cha nyumba moja ya South Boston. Mwaka 1985 akauawa Deborah Hussey, binti wa mwanamke aliyekuwa akiishi na Flemmi, akafukiwa humohumo. Nimemtaja makusudi, maana kwenye simulizi nyingi utaambiwa Bulger alikuwa na miiko, kwamba hakugusa wanawake na hakuruhusu dawa za kulevya mtaani kwake. Ukweli ni kwamba wauzaji wa dawa walimlipa ili wauze, na baraza la mahakama lilimkuta na hatia ya kifo cha Hussey.

Ulinzi huo ulidumu karibu miaka 20. Mwaka 1988 gazeti la Boston Globe liliandika kwamba Bulger ana uhusiano wa pekee na FBI, na ofisi ikakana. Desemba 1994, hati ya mashtaka ilipokaribia kutoka, Connolly, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu, akapenyeza habari na Bulger akaondoka. Siri haikufumuliwa na bingwa mwingine. Aliyeifumua ni jaji, Mark Wolf, aliyeagiza vikao vya wazi mahakamani, akawapandisha maofisa kizimbani kueleza walichokifanya, na Septemba 1999 akatoa uamuzi wa kurasa 661. Mwaka 2000 miili ikaanza kufukuliwa. Bulger mwenyewe alikamatwa Juni 2011 huko Santa Monica, California, akiishi kwa jina la bandia kwenye nyumba ya kupanga, ukutani mkiwa na zaidi ya dola 800,000 na silaha 30. Agosti 2013 alikutwa na hatia katika makosa 31 kati ya 32, yakiwemo ya kuhusika na vifo vya watu 11, akahukumiwa vifungo viwili vya maisha.

Tarehe 30 Oktoba 2018, akiwa na miaka 89 na akitumia kiti cha magurudumu, alipigwa hadi kufa na wafungwa wenzake katika gereza la Hazelton, West Virginia, saa chache baada ya kuhamishiwa hapo. Mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria ya Marekani alipochunguza, alibaini katika taarifa yake ya Desemba 2022 kwamba wafungwa wa Hazelton walijua Bulger anakuja kabla hajafika. Watumishi zaidi ya mia moja walikuwa na habari ya uhamisho wake. Mtu aliyeishi kwa siri zilizovuja ofisini akafa kwa siri iliyovuja ofisini, na sijasikia simulizi hata moja ya kwenye simu iliyoliona hilo.

Sasa nirudi kwa wanaotaka simulizi zizuiwe. Hoja yao ina sehemu ya kweli ambayo sitaki kuipuuza. Kijana wa miaka 17 aliyeacha shule, anayelala gheto na wenzake wanne, akisikia kila siku jambazi anavyosifiwa kwa sauti nzito na muziki wa kutisha nyuma yake, anajengewa picha ya uanaume isiyofaa. Picha hiyo inazidi kuharibika kwa sababu marehemu hawana majina. Wheeler anakuwa tajiri fulani, Donahue anakuwa mtu aliyekuwa kwenye gari. Hapo wazazi wako sahihi. Wanapokosea ni kudhani kwamba simulizi ndiyo inayozaa uhalifu, na hiyo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote. South Boston ya mwaka 1975 haikuwa na simulizi za kwenye simu. Makundi ya vijana wenye mapanga yaliyoitwa panya road kule Dar es Salaam hayakuhitaji kufundishwa na mzee wa Kimarekani. Kinachomlea muuaji mpaka awe na miaka 20 ya kazi ni uhakika kwamba hatakamatwa, na uhakika huo hautoki kwenye simu. Ukizuia simulizi umeondoa kelele kijiweni, aliyemlinda muuaji hujamgusa.

Hoja ya upande mwingine ni nzito zaidi na inastahili kusikilizwa kwa adabu. Wapo watu wa usalama wanaosema, na nakubaliana nao kwa sehemu, kwamba hakuna jeshi la polisi duniani linaloweza kufanya kazi bila watoa taarifa, na kwamba mtoa taarifa mwenye maana lazima awe mtu aliye jirani na uchafu. Sheikh au mchungaji hawezi kukuambia bunduki zinapita njia gani kutoka mpakani Tunduma. Wahenga walisema mchawi mpe mwana kulea, na FBI ilikuwa inafuata mantiki hiyohiyo: mpe muuaji kazi, atakulindia mji. Hata matokeo yapo ya kuonyeshwa, kwa kuwa viongozi wa mafia wa Boston walifungwa katika miaka ya 1980. Lakini aliyekuwa na njia ya kuwafikia Waitaliano alikuwa Flemmi zaidi ya Bulger, na ushahidi uliowamaliza ulitoka kwenye vinasa sauti vilivyofichwa ndani ya ofisi yao. Kilichotolewa na Bulger kilikuwa kidogo, alichopewa kilikuwa kikubwa, na hakuna mtu nje ya ofisi ile aliyepewa nafasi ya kupima mizani hiyo. Methali inadhani mzazi yupo, anamwangalia mchawi kwa jicho la pembeni. Boston mzazi alikuwa akipokea zawadi: John Morris, msimamizi wa Connolly, alikiri mahakamani kuchukua dola 7,000 kutoka kwa Bulger na mwenzake, na mvinyo juu.

Na hapo ndipo ninapokataa kwa nguvu maelezo kwamba lile lilikuwa tatizo la ofisa mmoja mbovu. Connolly alifungwa, ni kweli: mwaka 2002 alikutwa na hatia ya kushirikiana na genge, na mwaka 2008 mahakama ya Florida ikamkuta na hatia ya kifo cha mtu mwingine aliyeuawa kwa sababu ya habari alizovujisha, akapewa miaka 40. Morris, bosi wake, alipewa kinga na kugeuka shahidi. Waliopokea ombi la kufuta majina mwaka 1979, walioyaona mafaili yakinenepa na walioukana ukweli mwaka 1988 wengi walistaafu wakapokea pensheni. John Martorano, muuaji wa genge aliyekiri kuua watu 20, akiwemo Wheeler, alitoa ushahidi, akatumikia miaka 12 hivi, akatoka mwaka 2007. Sisemi mapatano hayo hayakuwa na sababu, maana bila yeye pengine Connolly asingefungwa. Ninachosema ni kwamba ofisi nzima ilishindwa na aliyebeba adhabu ya ofisi ni mmoja.

Mkoa jirani wa Iringa unalijua jambo hili kwa uchungu. Tarehe 2 Septemba 2012 mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa kijijini Nyololo, wilaya ya Mufindi, akiwa kazini, katikati ya askari. Picha zilizopigwa zilimwonyesha amezungukwa na askari kadhaa. Mahakama Kuu Iringa mwaka 2016 ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Hukumu hiyo ilikuwa na thamani, na waliofuatilia kesi kwa miaka ile minne wanastahili heshima, lakini ukiitazama picha na kisha ukahesabu walioingia kizimbani, utaona hesabu inavyogoma. Nyololo si South Boston, na askari wale hawakuwa wanamlinda jambazi. Kinachofanana ni namna taasisi inavyojinasua kwa kumtoa mtu mmoja mlangoni na kufunga mlango nyuma yake.

Nini basi kinatuhusu sisi wa Mbeya, ambako hakuna Winter Hill? Kinatuhusu Halloran, yule mhuni aliyekwenda kusema. Mkoa wetu umebeba kwa muda mrefu sifa mbaya ya watu kujichukulia sheria mkononi. Mwizi wa pikipiki akikamatwa, mawe na petroli vinafika kabla ya polisi, na kesho yake gazeti linaandika wananchi wenye hasira kali kana kwamba hasira ndiyo maelezo yote. Mimi siamini kwamba Msafwa au Mnyakyusa ana damu ya moto kuliko Watanzania wengine. Zungumza na watu wa Soko Matola au wakulima wa viazi wanaoshuka kutoka Umalila, uwaulize kwa nini mtu anayejulikana mtaa mzima kwa wizi hakuripotiwa mapema, na jibu linalorudi ni kwamba ukitaja jina kituoni, jina lako litamfikia mhalifu kabla hujafika nyumbani. Pengine hofu hiyo mara nyingi imezidi ukweli, na askari wengi ni waadilifu. Lakini hofu ikishakuwa mazoea, mtaa unafikia uamuzi wa kutisha wenye mantiki yake: kusema ni hatari kwa msemaji, kuua kwa kundi si hatari kwa yeyote, kwa hiyo tusubiri akamatwe na mali mkononi tummalize. Walioshika mawe wana dhambi yao na sheria iwafuate. Hata hivyo anayetaka mawe yaishe lazima aanze na lile daftari ambalo jina la msemaji liliandikwa.

Bunge letu lilitunga mwaka 2015 sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Inakataza kumfichua mtoa taarifa aliyesema kwa nia njema na inampa njia ya kudai haki yake akidhuriwa. Ni sheria nzuri, na ni wachache mno mitaani wanaojua ipo. Lakini Boston inatufundisha kwamba sheria peke yake haitoshi pale ambapo mtunza siri na mkaguzi wa siri wanakaa ofisi moja. FBI ilikuwa na miongozo ya namna ya kushughulika na watoa taarifa tangu 1976, ikikataza kabisa mtoa taarifa kuachwa afanye uhalifu wa kumwaga damu. Connolly na wenzake walijaza fomu, wakaandika taarifa za uongo ndani yake, wakazipitisha kwa wasimamizi waliokuwa wanakula na Bulger meza moja. Karatasi zote zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa nje, asiyepandishwa cheo na ofisi ile, mwenye mamlaka ya kufungua faili na kuuliza: huyu Halloran aliyekuja kwenu Januari, mbona amekufa Mei?

Fidia nayo ina mtego wake. Familia za Donahue na Halloran ziliishtaki serikali ya Marekani, na mwaka 2009 jaji akaziamulia malipo ya mamilioni ya dola. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ikafuta malipo hayo. Haikusema FBI haikukosea. Ilisema familia zilichelewa kufungua madai, kwamba zilipaswa kujua mapema zaidi, zikiwa na miaka miwili tu tangu pale zilipopata fununu. Mjane akahesabiwa muda ambao serikali ileile ilikuwa ikificha ukweli. Naliandika hili kwa hasira, na nadhani wanasheria wetu wanaoshughulika na haki za raia walitazame kwa makini: muda wa kudai fidia dhidi ya chombo cha dola kilichoficha taarifa usianze kuhesabiwa kabla chombo hicho hakijasema ukweli.

Kwa kuanzia si lazima kungoja Bunge. Kila kata sasa inategemewa kuwa na ofisa wa polisi anayekuja kwenye mikutano ya mitaa kuomba ushirikiano, na wenyeviti wetu humkaribisha, humpa soda, humshukuru, mkutano ukafungwa. Ashukuriwe, ila aulizwe pia. Nikikuletea jina, litaandikwa wapi na nani mwingine atalisoma? Likivuja, nalalamika kwa nani ambaye si bosi wa aliyelivujisha? Na je, katika kata hii yupo mtu aliyesema, mhalifu akafungwa, na msemaji bado analala salama nyumbani kwake? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, na swali lisilo na jibu lipelekwe kwa mkuu wa polisi wa wilaya, lirudi na jibu kwenye mkutano unaofuata.